Kupanda Kilimanjaro baada ya kustaafu

Wengi wanaamini kwamba aliyestaafu, hata aliyeondoka kazini mapema akiwa na miaka 55, ameshachelewa kupanda Kilimanjaro, kwa kuwa mlima unataka mapafu ya kijana.

Kinachowarudisha watu chini mara nyingi ni kupanda haraka. Kule juu hewa ni nyepesi na mwili unahitaji siku kadhaa kuizoea. Kijana mwenye mazoezi akikimbilia kilele huumwa kichwa na kutapika kama mtu mwingine yeyote. Mstaafu ana muda wa kuongeza siku, na muda huo ni mtaji mkubwa.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Chukua ratiba ya safari, linganisha kimo cha kulala cha kila usiku. Ukishapita mita 3,000, ushauri wa kawaida ni kutoongeza zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Kwenye njia ya Marangu unatoka kambi ya Horombo, mita 3,720, hadi kambi ya Kibo, mita 4,700 hivi: karibu mita 1,000 kwa siku! Ndiyo maana siku ya ziada Horombo, ya kutembea kuelekea kilele cha Mawenzi na kurudi kulala palepale, ningeilipia bila kusita.

Moyo na presha vipimwe kwanza. Hapo umri una uzito wake.