Turbo ya mtumba: dhana potofu zinazokula pesa

Ukiulizia turbo, yaani kifaa kinachosukumia injini hewa kwa nguvu ya moshi wake, ya Prado au Hiace kwa wauza spea wa Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi), unaweza kuwekewa kadhaa mbele yako, zote zimeoshwa kwa petroli na zinang'aa. Usafi huo hausemi lolote kuhusu hali ya ndani.

Dhana: Ikizunguka kwa kupuliza tu, ni nzima.

Kipimo hiki ndicho kinachodanganya wengi. Beringi za turbo nyingi huelea kwenye oili. Turbo nzima yenye oili nzito iliyopoa huzunguka kwa uzito, na iliyochakaa ikakauka huzunguka kwa wepesi wa ajabu. Shika ncha ya shafti, chuma cha katikati kinachobeba mapanga, upande wa hewa, uisukume juu na chini. Itacheza kidogo, hata karibu nusu milimita ikiwa kavu, na hilo ni la kawaida. Sasa ivute na kuisukuma ndani na nje. Hapo uchezaji unaoruhusiwa kwa kawaida hauzidi 0.1 mm, ukiusikia waziwazi kwa vidole, beringi ya kuzuia msukumo imekwisha, iache.

Kisha izungushe huku umeiegemeza upande mmoja, halafu upande wa pili. Mapanga yasiguse hausingi (ganda la turbo) popote. Mulika kwa tochi: mkwaruzo wa duara ukutani maana yake yalishagusa. Ncha za mapanga ya hewa zikiwa zimelika au kujikunja, turbo hiyo imekula vumbi au kokoto kwa sababu ya filta mbovu ya hewa. Fanya yote hayo na upande wa moshi pia. Wanunuzi wengi hawauangalii kabisa.

Dhana: Ukiona oili kwenye mdomo wa hewa, turbo imekufa.

Si lazima. Utando mwembamba huletwa na paipu ya kupumulia injini, inayomwaga mvuke wa oili kabla ya turbo. Cha kuogopa ni oili iliyolowesha au kuganda nyeusi upande wa moshi.

Dhana: Injini ni ileile, basi turbo ni ileile.

Turbo za Toyota huwa na kibati chenye namba inayoanza na 17201. Tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha. Injini ya 1KD-FTV hutumia turbo aina ya CT16V, yenye mapanga yanayojigeuza na mota ya umeme ya kuyasukuma, wakati injini nyingi za 2KD-FTV zina CT16 isiyo na mfumo huo. Nenda na turbo yako ya zamani mkononi. Linganisha matundu ya bolti, mwelekeo wa mdomo wa hewa, paipu za oili, na kama kuna njia za maji. Kibati kikiwa hakipo, au riveti zake ni mpya, usinunue kwa maneno. Mota ya umeme nayo usiilazimishe kwa mkono, kwa kuwa gia zake huvunjika.

Dhana: Feni (gurudumu la mapanga) ikivunjika, hamisha ya turbo nyingine.

Shafti huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Feni iliyohamishwa bila kupimwa mizani kwenye mashine huua beringi mapema. Badilisha katriji nzima (sehemu ya kati yenye shafti, feni na beringi) iliyokwisha kupimwa.

Dhana: Turbo ikifa, nunua nyingine ufunge, kazi imekwisha.

Hapa ndipo watu hununua mara mbili, na inauma kwa sababu inazuilika. Shafti iliyobadilika kuwa ya bluu imekosa oili, na kilichosababisha bado kipo kwenye gari: paipu ya oili iliyoziba kwa masizi, au oili iliyopitiliza muda. Paipu ya kurudisha oili ikiziba au kujikunja, turbo mpya nayo itavujisha oili na kutoa moshi wa bluu siku ileile.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga, weka paipu mpya ya kuingizia oili, safisha ya kurudisha, badilisha oili na filta, na toa mabaki ya oili na vipande vya chuma vilivyomo ndani ya intakula (kipozeo cha hewa ya turbo). Silikoni isitumike kwenye gasketi za oili, kwani vipande vyake huziba njia. Jaza oili safi kwenye tundu la kuingizia oili la turbo huku ukiizungusha kwa mkono. Zima mfumo wa mafuta, piga stata mpaka taa ya oili izimike, ndipo uwashe. Iache injini sailensa (ikinguruma taratibu) dakika chache bila kukanyaga mafuta, huku ukikagua viungo vyote kama vinavuja.