Ati ni mdahalo uliomnyima Raila urais?

Wiki iliyopita nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu msomi aliyesimama mbele ya ukumbi: "Raila aliukosa urais 2022 kwa sababu aliukwepa mdahalo." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi kazi yangu ni kura za maoni, na maneno hayo yamenichosha.

Turudi 2017. Julai 24, Uhuru Kenyatta hakufika kwenye mdahalo wa wagombea urais katika Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afrika Mashariki, Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Agosti, aliyekwepa ndiye aliyetangazwa mshindi kwa asilimia 54.27. Mahakama ya Juu ilibatilisha matokeo hayo, ndiyo, lakini kwa kasoro za uchaguzi wenyewe. Julai 26, 2022, chuo ni kilekile, asiyefika akawa Raila. William Ruto aliongea peke yake, akashinda kwa 50.49 dhidi ya 48.85. Anayeeleza hili la pili kwa mdahalo, anieleze na lile la kwanza.

Kinachoniudhi hasa ni watu kutolitazama pengo. Kura 233,211. Ushindi mwembamba hivyo humpa kila mtu nafasi ya kuubandika sababu yake. Bei ya unga inatosha. Gachagua, mgombea mwenza wa Ruto, na kura za Mlima Kenya vinatosha. Wafuasi waliobaki nyumbani katika ngome za Raila wanatosha. Mdahalo nao unaweza kutosha, ila huwezi kuuchomoa kwenye rundo hilo ukasema ni huu na si mwingine. Pengo lenyewe halifiki asilimia 2. Sampuli zetu nyingi zina kiwango cha makosa cha 2 au 3, juu na chini. Kama usiku ule ulihamisha nusu asilimia, hakuna utafiti wetu ambao ungeiona.

Halafu, nani hutazama? Wengi huwasha televisheni wakiwa na mtu wao tayari. Ukiwauliza nani ameshinda, wanakutajia yuleyule waliyekuwa naye kabla ya taarifa ya habari. Mwaka 2013 Mwalimu Dida aliwafurahisha Wakenya kuliko wagombea wenzake wote saba jukwaani. Wakamcheka, wakampenda, wakamnukuu mitaani. Kisha wakampa kura chini ya asilimia 1.

Sisemi mdahalo hauna nguvu. Juni 27, 2024, Joe Biden alijikwaa kwenye mdahalo wa Atlanta, na Julai 21 akajiondoa katika mbio za urais wa Marekani. Lakini tazama nani alitikisika zaidi: viongozi wa chama na wafadhili. Kura za maoni zilisogea kidogo tu.

Nina shaka moja isiyonipa usingizi, nayo inahusu dodoso zetu. Tunauliza, "Ulitazama mdahalo?" Mama muuza mboga anajibu hapana, kwa sababu saa hiyo alikuwa akifunga kibanda. Tunamweka upande wa wasioguswa. Kumbe asubuhi mwanawe alimtumia kipande cha mdahalo cha dakika moja kwa WhatsApp, akakitazama mara tatu, akakijadili na wateja mpaka jioni. Tukimlinganisha na watazamaji na tusione tofauti, huenda ni kwa sababu wote wameguswa. Katika dodoso lijalo nataka tuulize nani alikuletea kile kipande, na mlisema nini baada ya kukitazama.