Destroya ni manowari ya namna gani? Mfano wa Błyskawica ya Poland

Destroya ni manowari nyembamba yenye mbio, iliyosheheni silaha lakini isiyo na deraya (kinga ya chuma nene) ya maana. Ilibuniwa Uingereza miaka ya 1890 kwa kazi moja: kuziwahi boti za topido (makombora yanayokwenda chini ya maji) kabla hazijazifikia manowari kubwa. Baadaye yenyewe ikapewa topido, na Vita Kuu ya Kwanza ikaiongezea kazi ya kuwinda nyambizi na kusindikiza misafara ya meli za mizigo.

Baada ya vita hivyo, ukubwa wake ukaanza kupangwa na mikataba. Mkataba wa London wa 1930 uliweka kikomo cha tani 1,850, na kipenyo cha mizinga kisichozidi milimita 130. Poland haikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini, na ukitazama vipimo vya ORP Błyskawica (ORP ni kifupi kinachotangulia majina ya meli za kivita za Poland) unaona jinsi ilivyoutumia uhuru huo.

Meli hii iliundwa na kampuni ya J. Samuel White mjini Cowes, kusini mwa Uingereza, pamoja na pacha wake Grom. Ilishushwa majini 1936, ikaanza kazi 1937. Uzito wake ulikuwa tani 2,000 hivi, urefu mita 114, upana mita 11 na kidogo. Mitambo yake ya mvuke ilitoa nguvu za farasi 54,000 na kuisukuma kwa noti 39, yaani kilomita 72 kwa saa. Ilibeba mizinga 7 ya milimita 120, mirija 6 ya topido, na mizinga midogo ya kutungulia ndege.

Kwa bahari ya Baltiki, silaha hizo zilifaa sana. Lakini tarehe 30 Agosti 1939, Ujerumani ikiwa karibu kuvamia, Błyskawica, Grom na Burza, destroya nyingine ya Poland, ziliamriwa kuondoka kwenda Uingereza. Zilifika Scotland siku ile ile vita vilipoanza. Kule Atlantiki mawimbi ni makubwa, na uzito uliorundikwa juu ya sitaha uliifanya meli iyumbe mno. Ikabidi baadhi ya vitu vya juu viondolewe.

Kasoro ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mizinga ile ya milimita 120 haikuweza kuinuka vya kutosha kuzilenga ndege, na hatari kubwa sasa ilitoka angani. Tarehe 4 Mei 1940 Grom ilizamishwa na ndege ya Kijerumani karibu na Narvik, Norway, ikafa na wanamaji wake 59. Mwaka 1941 Błyskawica ikabadilishiwa mizinga yote mikubwa, ikafungwa 8 ya milimita 102 iliyoweza kupiga meli na ndege pia. Kwangu mimi hayo ndiyo mabadiliko muhimu kuliko yote katika maisha ya meli hii, maana mwaka mmoja baadaye yaliokoa watu.

Usiku wa kuamkia 5 Mei 1942 ilikuwa Cowes, ilikozaliwa, ikifanyiwa matengenezo, ndege za Kijerumani zilipoushambulia mji. Nahodha wake, Wojciech Francki, alikuwa amehakikisha mizinga iko tayari ingawa meli ilikuwa katika matengenezo. Wanamaji walifyatua usiku kucha, wakimwagia mizinga maji ipoe, huku wengine wakitandaza moshi kuufunika mji. Watu wapatao 70 walikufa, lakini wenyeji wanaamini wangekufa wengi zaidi. Mjini humo kuna mahali panapoitwa Francki Place kwa heshima yake.

Meli iliendelea na vita hadi Afrika Kaskazini, kisha Juni 1944 ikapigana na destroya za Kijerumani nje ya pwani ya Ufaransa. Vita vilipokwisha ilishiriki kuzizamisha nyambizi zilizosalimishwa na Ujerumani, ikarejea Poland 1947. Utumishi wake baharini uliisha 1967, bomba la mvuke lilipopasuka na kuua wanamaji saba. Tangu 1976 ni makumbusho katika bandari ya Gdynia, na wageni huteremka hadi kwenye mitambo. Anayetaka kuelewa destroya aanzie huko chini, aone ni sehemu kubwa kiasi gani ya meli iliyotolewa kwa ajili ya mbio peke yake.