Je, wajua timu iliyofungwa kwa tofauti ya pointi 113 iliwezaje kutwaa ubingwa mwaka uliofuata?

Mwishoni mwa Agosti 2016, klabu ya Richmond kutoka Melbourne ilisafiri hadi Sydney kucheza mechi yake ya mwisho ya msimu katika AFL, ligi kuu ya futiboli ya Australia. Ilirudi nyumbani imefungwa na Sydney Swans kwa tofauti ya pointi 113. Ilimaliza ya 13 kati ya timu 18, ikiwa imeshinda mechi 8 tu kati ya 22. Tarehe 30 Septemba 2017, mbele ya watazamaji 100,021 katika uwanja wa MCG jijini Melbourne, Richmond hiyohiyo iliifunga Adelaide 108 kwa 60 na kubeba kombe ililolikosa tangu 1980. Kocha alikuwa yuleyule, Damien Hardwick. Nahodha yuleyule, Trent Cotchin. Wachezaji, kwa sehemu kubwa, walewale.

Ilikuwaje? Jibu linaanzia kwenye kanuni moja ya mchezo wenyewe, ambayo sisi tuliozoea soka hatuifikirii.

Futiboli ya Australia huchezwa kwenye uwanja wa duara refu, mpira wa umbo la yai, watu 18 kila upande. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya nguzo mbili ndefu ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, ni pointi 1. Hakuna kuotea. Mpira hupigwa teke au husukumwa kwa ngumi kutoka kiganjani, na mwenye mpira anaruhusiwa kukamatwa na kuangushwa.

Sasa angalia kinachotokea baada ya goli. Kwenye soka aliyefungwa ndiye anayeanzisha mpira. Kwenye kikapu vilevile. Huko Australia sivyo: mpira unarudi katikati na kugombaniwa upya. Katika enzi ninayoisimulia, mwamuzi aliudunda chini kwa nguvu, ukapaa juu, na warefu wawili wakaurukia, mmoja wa kila timu, huku wenzao watatu watatu wakiusubiri chini. Wanne kwa wanne ndani ya mraba wa mita 50. Timu ambayo wanne wake wamezidiwa hufungwa, mpira unarudi palepale, wale wanne wanazidiwa tena, inafungwa tena. Ndani ya dakika kumi, kosa moja dogo limezaa magoli matano.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kocha mwenye akili huwaambia vijana wake siku ya pili baada ya kichapo. Pointi 113 hazina maana kwamba wapinzani ni bora mara kumi. Mchezo huu unalizidisha kosa. Kitu kimoja kinapovunjika, hesabu ya mwisho inaonekana kana kwamba vyote vimevunjika, na hapo ndipo klabu nyingi hukosea: zinaamini ubao wa matokeo, zinabomoa nyumba nzima kwa sababu paa limevuja.

Klabu iitwayo Melbourne, jirani wa Richmond katika jiji hilohilo, ilipita njia hiyo. Tarehe 30 Julai 2011 ilifungwa na Geelong 233 kwa 47, tofauti ya pointi 186. Kesho yake kocha Dean Bailey alifukuzwa. Mwaka 2013 ikafungwa na Essendon kwa pointi 148, na kabla msimu haujafika mwisho kocha aliyefuata naye akaondoka. Kombe lilikuja 2021, miaka kumi baada ya kile kichapo cha Geelong. Australia hakuna kushuka daraja, na anayeshika mkia hupewa nafasi ya mbele ya kuchagua chipukizi bora wa mwaka, kwa hiyo klabu inaweza kukaa chini muda mrefu na bado ikajijenga upya. Christian Petracca, mchezaji bora wa fainali ile ya 2021, alichaguliwa wa pili katika kundi la mwaka 2014. Njia hiyo inafika, lakini ni ndefu, na mashabiki wengine huzeeka njiani.

Richmond nayo ilisukumwa kwenye njia hiyo mwaka 2016. Miaka mitatu kabla ilikuwa ikifuzu hatua ya mtoano na kutolewa mechi ya kwanza tu, 2013, 2014 na 2015, kisha ikaporomoka. Likatokea kundi lililotaka kuing'oa bodi nzima, iliyoongozwa na Peggy O'Neal, mwanamke wa kwanza kuwa mwenyekiti wa klabu ya AFL. Bodi haikung'oka, na Hardwick hakufukuzwa. Nauhesabu uamuzi huo kuwa wa ujasiri kuliko wowote uliofanyika msimu ule, kwa sababu ulikuwa rahisi kuuchukia.

Badala ya kumwondoa kocha, klabu ilibadilisha waliomzunguka. Neil Balme, mzee aliyeijua kazi na aliyewahi kuichezea Richmond, aliletwa kusimamia idara ya mpira. Blake Caracella na Justin Leppitsch walikuja kuwa wasaidizi. Wachezaji wachache waliongezwa: Dion Prestia, Josh Caddy, na mrefu wa kurukia mpira wa katikati, Toby Nankervis, aliyetoka huko huko Sydney Swans. Nafasi ya Nankervis ndiyo ile ya mraba wa kati niliyoieleza. Hawakusajili kikosi kizima. Walitafuta mahali palipovuja.

Kisha ukaja uchezaji. Richmond ya 2016 ilikuwa ikicheza kwa tahadhari: pasi fupi, mpira unazungushwa, unadakwa, unasimama. Mbinu hiyo inahitaji mguu usiokosea, na timu isiyojiamini hukosea. Mwaka 2017 Hardwick aliwaambia waupeleke mpira mbele kwa njia yoyote inayopatikana: ngumi, teke, hata kuusukuma tu usonge mita tano. Hawakutakiwa kuwa nadhifu. Ulipofika mbele, kazi ikaangukia vijana wadogo wa mwili wenye mbio: Daniel Rioli, Dan Butler, Jason Castagna.

Wape macho hao watatu, maana hapa ndipo siri ilipolala. Beki wa timu pinzani ameuokota mpira karibu na nguzo zake. Kwa kawaida ana sekunde mbili za kuinua kichwa na kumtafuta mwenzake. Rioli yuko nyuma yake tayari, anasikika pumzi. Beki anaharakisha, teke linakwenda pembeni, mpira unaanguka kwa Richmond umbali wa mita 30 kutoka golini. Hata beki asipokosea, anakamatwa, mpira unakwama pale, unagombaniwa pale. Timu pinzani inashindwa kutoka kwenye nusu yake. Kukimbiza mtu namna hiyo hakuhitaji kipaji cha mguu. Kunahitaji mapafu, na kunahitaji uamini kwamba ukikosa kumkamata, mwenzako yuko nyuma yako. Kitu kinachotegemea bidii na kuaminiana kinaweza kujengwa ndani ya miezi michache ya mazoezi. Ustadi wa mguu hauwezi.

Na kuaminiana kulijengwaje? Wakati wa maandalizi ya msimu, wachezaji walianza kusimama mmoja mmoja mbele ya wenzao na kusimulia mambo matatu: shujaa wa maisha yao, magumu waliyopitia, na siku iliyowapa furaha kubwa. Hakuna aliyepewa alama. Wengine walilia. Watu waliokuwa wakivaa jezi moja kwa miaka wakagundua hawakujuana. Hardwick mwenyewe amekiri hadharani kwamba mwaka 2016 alikuwa amezama katika makosa ya vijana wake, akitazama wasichokiweza badala ya wanachokiweza. Aliporudi mwaka uliofuata, alirudi anacheka nao.

Najua hadithi kama hii huweza kusikika nyepesi, kana kwamba kikao cha machozi kinaleta kombe. Basi tazama kilichowapata Adelaide, waliofungwa katika ile fainali. Mwanzoni mwa 2018 walipeleka wachezaji wao kambini Gold Coast kuwatia ukakamavu wa akili. Baadhi yao, akiwemo mshambuliaji maarufu Eddie Betts, wamesema hadharani kwamba siri za maisha yao walizozitoa kwa kuaminiwa ziligeuzwa na kutumiwa kuwaumiza mbele ya wenzao. Mwaka 2022 klabu iliomba radhi. Msimu ule wa 2018 timu iliyokuwa imetoka fainali haikufuzu hata hatua ya mtoano. Malighafi ni ileile, maisha ya mtu. Richmond mtu alisimulia mwenyewe, kwa hiari yake. Adelaide, kwa maelezo ya waliokuwepo, alisimuliwa ili avunjike. Kocha yeyote anayefikiria kuwaadhibu vijana baada ya kufungwa, nakuomba uitazame tofauti hiyo kabla hujaamua.

Wala Richmond hawakuacha kufungwa. Mwezi Aprili 2017 waliangushwa na Adelaide haohao kwa pointi 76. Wakafuata kupoteza mechi tatu mfululizo kwa pointi 5, 2 na 3, misumari ya namna ya kumfanya kocha atupe kila kitu. Julai, St Kilda waliwatangulia kwa pointi 82 kufikia mapumziko. Mechi iliisha kwa tofauti ya 67, maana yake kipindi cha pili Richmond walikuwa juu kwa pointi 15. Hawakubadilisha mbinu. Waliikagua mechi, wakaona kazi ya kukimbiza haikufanywa, wakarudi kuifanya. Katika mechi ya mwisho kabla ya mtoano walikutana na St Kilda tena na kuwafunga.

Haki itendeke: bahati nayo ilikuwepo. Majeruhi walikuwa wachache mwaka ule, na Dustin Martin alicheza msimu ambao haujawahi kuonekana, akitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi, ya mchezaji bora wa fainali, na kombe, vyote ndani ya mwezi mmoja. Lakini Martin alikuwepo pia siku ya zile pointi 113.

Kwa timu ya kawaida, ya mtaani au ya chuo, yenye mazoezi mara mbili kwa wiki, somo hilo linashuka hadi kwenye vitendo. Jumanne usiwaonyeshe vijana mechi nzima waliyofungwa. Waonyeshe vipande vitano au sita, na kwa kila kimoja uliza: mpira ulipotea wapi, na nani alikuwa karibu asimsaidie mwenzake? Ukiona wengi walikuwepo lakini walisimama, tatizo ni kukimbia. Ukiona walikimbia wakafika mahali pabaya, tatizo ni mpangilio. Ukiona walifika sawa na mguu ukakosea, hilo ni la ustadi, na ndilo la mwisho kulihangaikia wiki hiyo, maana halitapona kufikia Jumamosi.

Halafu fanya zoezi la wanne kwa wanne katikati, tena na tena, huku ukitangaza kwamba magoli matatu yamekwisha kuingia. Vijana wanahitaji kujua cha kufanya wakati mafuriko yanaanza: mtu mmoja arudi nyuma ya mpira akae mbele ya mabeki, mrefu aupige mpira pembeni badala ya mbele, atakayeupata aupeleke kwenye mstari wa pembeni na kupoteza muda halali. Haipendezi kutazama, lakini inakata ule mnyororo wa goli kuzaa goli. Na mechi inayofuata igawe vipande vya dakika tano tano, uwaombe washinde kipande kimoja, kisha kingine. Timu iliyofungwa kwa pointi 100 haiwezi kuiona siku ya kushinda, lakini dakika tano inaziona.

Asubuhi ile ya fainali ya 2017, kwa Afrika Mashariki mpira ulidundwa saa moja na nusu, chai ikiwa bado mezani. Adelaide walianza kama mwezi Aprili. Walifunga, mpira ukarudi katikati, wakafunga tena, na robo ya kwanza ikaisha wakiongoza kwa pointi 11. Robo ya pili, kila beki wao alipoinua kichwa, palikuwa na kijana wa Richmond anakuja. Adelaide hawakupata goli hata moja katika robo hiyo, na katika robo mbili zilizobaki walipata manne tu.