VPS35 haiko kwa wagonjwa wa Parkinson peke yao

Mwaka 2011 watafiti waliripoti kasoro ya jeni iitwayo VPS35 katika familia zenye ugonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka) huko Austria na Uswisi. Tangu hapo wapo wanaodhani kwamba kuwa na jeni hii ni balaa. Si kweli. Kila binadamu anayo, kwenye kromosomu ya 16, na viinitete vya panya walioondolewa nakala zote mbili hufa kabla ya kuzaliwa. Kinachohusishwa na ugonjwa ni badiliko moja, D620N: protini ya jeni hii ni mnyororo wa vijenzi 796 viitwavyo asidi amino, na kile cha 620 kimebadilika. Hata miongoni mwa wagonjwa ni badiliko adimu.

Dhana nyingine ni kwamba jeni yenyewe ndiyo inayopanga protini ziende wapi ndani ya seli. Jeni haitoki kwenye kiini cha seli. Hutoa maelekezo tu. Protini inayotokana nayo huungana na protini nyingine, VPS26 na VPS29, kuunda retroma, mtambo wa kurudisha mizigo ndani ya seli, na hapo ndipo penye uhondo. Kuna kipokezi, yaani protini ya kushika mzigo, kinachobeba vimeng'enya kutoka Golgi (sehemu ya seli inayofungasha protini) kwa vifuko vidogo hadi endosomu (kituo cha kuchambulia mizigo). Vimeng'enya vikishateremshwa, husonga mbele hadi lisosomu, mahali taka za seli zinapovunjwavunjwa. Kipokezi chenyewe retroma hukirudisha Golgi kikachukue mzigo mwingine. Kisiporudishwa, nacho huishia lisosomu na kumeng'enywa, na safari za vimeng'enya zinapungua. Kwa hiyo si kila kinachofika endosomu kimehukumiwa kutupwa.

Wengine hupuuza habari hizi kwa kuwa zilianzia kwenye hamira. Ni kweli jeni za VPS zilisakwa humo miaka ya 1980, na retroma ikaelezwa mwaka 1998, pia katika hamira. Lakini mtambo huo huo, kwa sehemu zake kuu, umo ndani ya neva zetu.

Inayonisumbua zaidi ni dhana kwamba mwenye D620N hana protini hii. Anayo, na inaungana na wenzake. Shida ni kwamba inashikana kwa ulegevu na kundi la protini liitwalo WASH, tena kimeng'enya LRRK2 huchangamka kupita kiasi. Jeni ya LRRK2 nayo ina mabadiliko yake yanayosababisha Parkinson, na ndiyo maana dawa za kukituliza kimeng'enya hicho zinajaribiwa kwa wagonjwa.