Mkondo hupita ukingoni

Kipande cha semikondakta ninachokipima hakizidi ukucha wa kidole kidogo. Ndani yake, pale galiamu asenidi inapokutana na galiamu asenidi iliyochanganywa na alumini, elektroni zimenaswa kwenye tabaka lenye unene wa nanomita 10 hivi. Zinakwenda mbele, nyuma na pembeni. Kupanda wala kushuka haziwezi.

Nikishakipoza kwa heliamu, naongeza uga wa sumaku polepole huku macho yako kwenye skrini. Edwin Hall alionyesha mwaka 1879 kwamba sumaku husukuma mkondo pembeni, na volteji ikajitokeza kukatiza upana wa kipande. Volteji hiyo ukiigawa kwa mkondo unapata ukinzani wa Hall. Mwanzoni unapanda kwa mstari ulionyooka. Kisha mstari unalala, unapanda ghafla, unalala tena. Kila unapolala, ukinzani wa kufuata urefu wa kipande unazama karibu na sifuri. Hii ndiyo athari ya Hall ya kwanta. Nimeiona mara nyingi, na bado huwa nasogeza kiti.

Uga huzungusha elektroni katika miduara, na fizikia ya kwanta huipanga nishati ya miduara hiyo katika ngazi maalumu, zinazoitwa ngazi za Landau. Kila ngazi ina nafasi zake za kuhesabika: kwenye tesla 1 (tesla ni kipimo cha uga wa sumaku) ni kama bilioni 24 kwa sentimita ya mraba, kwa kila mwelekeo wa spini, sifa ya elektroni yenye mielekeo miwili tu, nazo huongezeka kadiri uga unavyoongezeka. Elektroni bilioni 300 katika eneo hilo hujaza ngazi mbili sawasawa, ukihesabu kila mwelekeo wa spini kuwa ngazi yake, uga ukifika kama tesla 6.

Lakini hiyo ni nukta moja tu ya uga. Mbona mstari unalala kwa upana mzima? Hapa ndipo ninapopapenda: ni kwa sababu ya kasoro. Atomi ngeni zilizotapakaa huleta vilima na mabonde ya umeme, na elektroni za katikati huvizunguka zikirudi pale pale bila kubeba mkondo. Uga ukibadilika kidogo, zinazoongezeka au kupungua ni hizo zilizonaswa. Kwenye ukingo mambo ni mengine: duara halikamiliki, elektroni inagonga ukingo, inaanza nusu duara nyingine, na hivyo inasonga upande mmoja tu. Ikikuta kasoro huizunguka na kuendelea, maana njia ya kurudi iko kwenye ukingo wa pili, mbali mno.

Mwanafizikia Klaus von Klitzing alikutana na tambarare hizi, yaani sehemu ambazo mstari unalala, huko Grenoble, Ufaransa, Februari 1980, akipima transista za silikoni. Ukinzani wa Hall kwenye kila tambarare ni omu 25,812.807 ukigawanywa kwa namba kamili, kipande kiwe na umbo lolote.

Kasoro zikipungua sana, jambo jingine hujitokeza. Mwaka 1982 Daniel Tsui na Horst Störmer, wakitumia kipande safi mno kilichotengenezwa na Arthur Gossard, waliripoti kuona tambarare ngazi ya kwanza ikiwa imejaa theluthi tu. Hapo hesabu ya elektroni moja moja haitoshi tena: zinasukumana, na zinasogea zote kwa pamoja.