Dalili za Uhai Kwenye Sayari za Mbali: Zinatafutwaje, na Kwa Nini Uthibitisho Huchelewa

Aprili 2025 habari ilizagaa duniani kote ndani ya saa chache: watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakiongozwa na Nikku Madhusudhan, walitangaza kwamba kwenye angahewa ya sayari iitwayo K2-18 b wameona dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa na viumbe hai, hasa planktoni, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea baharini. Baadhi ya vichwa vya habari vikakimbilia kuandika kwamba uhai umepatikana. Watafiti wenyewe hawakusema hivyo. Tangu hapo, sisi tunaojishughulisha na mwanga wa sayari za mbali tunaulizwa swali lilelile kila tukikutana na watu: kuna viumbe huko, au hakuna? Mpaka sasa hakuna sayari hata moja, ukiiondoa Dunia, ambayo uhai wake umethibitishwa. Lakini namna utafutaji huu unavyofanyika si siri ya wataalamu, na ni vizuri kila mtu aielewe, maana tangazo kama lile litakuja tena.

Tuanze na umbali, kwa sababu ndio unaoamua kila kitu. Proxima Centauri, nyota iliyo jirani kabisa na Jua letu, iko umbali wa miaka ya mwanga 4.2, na mwaka mmoja wa mwanga ni karibu kilomita trilioni 9.5. Chombo cha Voyager 1, kinachokwenda kasi ya kilomita 17 hivi kwa sekunde, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kuumaliza umbali huo. Kwa hiyo hakuna kuchota udongo wala kuteremsha roboti. Hata kuziona kwenyewe ni shida. Sayari za nje ya mfumo wetu wa jua zilizothibitishwa sasa zimepita 6,000, na karibu zote zimejulikana kwa kuitazama nyota, si sayari. Michel Mayor na Didier Queloz walipoigundua 51 Pegasi b mwaka 1995, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2019, walichokiona ni nyota ikiyumba kidogo kwa kuvutwa na kitu kinachoizunguka kila baada ya siku nne na ushee. Darubini ya Kepler, iliyorushwa mwaka 2009, ilifuata njia nyingine: ilisubiri sayari ikatize mbele ya nyota yake, ikapima jinsi mwanga wa nyota unavyofifia. Kwa njia hiyo iligundua sayari zaidi ya 2,600.

Kukatiza huko ndiko kunakotufungulia angahewa. Chukua K2-18 b yenyewe. Iko umbali wa miaka ya mwanga 124 hivi, upande wa kundi la nyota la Simba, na hulizunguka jua lake dogo jekundu kwa siku 33. Inapopita mbele ya nyota hiyo, kwa muda wa saa mbili na zaidi, mwanga wa nyota hupungua kwa takriban asilimia 0.3. Sehemu kubwa ya upungufu huo inatokana na mwili wa sayari, ambao haupitishi mwanga wowote. Ila pembezoni mwa sayari kuna ukanda mwembamba wa hewa, na mwanga wa nyota hupenya humo kabla ya kuja kwetu. Kila gesi humeza mawimbi yake maalumu ya mwanga na kuyaachia mengine yapite. Kwenye wimbi ambalo methani hulimeza, sayari huonekana kubwa kidogo kuliko ilivyo kwenye wimbi jirani, kwa sababu hewa yake nayo imeziba mwanga. Tofauti hiyo ni makumi tu ya sehemu kwa kila milioni ya mwanga wa nyota. Mtafiti anapoketi na takwimu hizo, anachokiona ni mstari wenye mabonde madogo, na kila nukta ya mstari ina kiasi chake cha mashaka, ambacho mara nyingi kinakaribia ukubwa wa bonde lenyewe.

Kazi hiyo kwa sayari ndogo kiasi hiki imewezekana kwa sababu ya darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, na iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, ikifanya kazi kwenye mawimbi ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, ambako molekuli nyingi huacha alama zilizo wazi.

Sasa turudi kwenye tangazo. Mwaka 2023 kundi la Madhusudhan liliripoti methani na hewa ya ukaa kwenye K2-18 b, na methani hiyo ilionekana pia kwenye uchambuzi wa watafiti wengine. Mwaka 2025 wakaongeza gesi mbili zinazofanana, zile zinazohusishwa na planktoni, daimethili salfaidi na daimethili disalfaidi, moja kati ya hizo au zote mbili, kwa kiwango cha uhakika ambacho uwezekano wa kuwa bahati tu ni kama asilimia 0.3. Kwa mambo mengi ya maisha kiwango hicho kingetosha. Katika fani yetu ugunduzi mkubwa hudai kiwango ambacho uwezekano wa bahati uko chini ya moja kwa milioni. Na hesabu ile ya asilimia 0.3 inasimama tu iwapo orodha ya gesi zilizojaribiwa imekamilika. Makundi mengine yalichukua takwimu zilezile, yakazichambua kwa mbinu zao, na mengine hayakuona ushahidi wa kutosha: mstari ulionyooka kabisa, usio na gesi yoyote, ulilingana na vipimo karibu sawasawa, na zipo molekuli nyingine zilizoweza kuchukua nafasi ya zile mbili.

Kuna tatizo la pili, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Tuseme gesi ile ipo kweli. Je, ni lazima iwe imetoka kwa kiumbe? Mwaka 2024 watafiti waliochambua takwimu za chombo cha Rosetta waliripoti daimethili salfaidi kwenye kimondo-mkia 67P, jiwe la barafu ambalo hakuna anayetarajia planktoni humo. Majaribio ya maabara nayo yameitengeneza kwa kumulika mchanganyiko wa gesi za kawaida kwa mionzi ya urujuanimno. Tena K2-18 b yenyewe bado ina utata. Tungamo lake ni kama mara 8.6 ya Dunia na kipenyo chake ni kama mara 2.6. Vipimo hivyo vinaweza kuwa vya sayari yenye bahari chini ya angahewa ya haidrojeni, na vinaweza vilevile kuwa vya sayari yenye gesi nene tu, au yenye mwamba ulioyeyuka chini yake. Huwezi kusema gesi fulani ni ya viumbe wa baharini kabla hujajua kama bahari ipo.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Anayetaka kutabiri hulitazama wingu pamoja na upepo, joto na majira, na sisi hatuna budi kuitazama gesi pamoja na nyota yake, tungamo la sayari, joto lake na gesi nyingine zinazoizunguka.

Uzuri ni kwamba tunao mfano mmoja wa sayari yenye uhai, na umewahi kufanyiwa jaribio. Desemba 1990 chombo cha Galileo, kikielekea Mshtarii, kilipita karibu na Dunia, kilomita 960 tu juu yake. Mwanaastronomia Carl Sagan na wenzake walikielekeza vifaa vyake kwetu na kujiuliza: kama tusingejua lolote kuhusu sayari hii, tungegundua kwamba ina uhai? Matokeo, waliyoyachapisha mwaka 1993, yalikuwa oksijeni tele, methani nyingi kuliko inavyoweza kukaa pamoja na oksijeni hiyo, rangi fulani ya ardhini inayomeza mwanga mwekundu kwa namna isiyolingana na mwamba wa kawaida, ambayo ni klorofili ya mimea, na mawimbi ya redio yaliyopangiliwa. Naamini kila anayetaka kuifahamu kazi hii aanzie kwenye jaribio hilo. Hakuna dalili moja kati ya hizo iliyobeba mzigo wote peke yake, na Sagan alisisitiza kwamba maelezo yasiyohitaji uhai yaondolewe kwanza.

Hoja ya oksijeni na methani ilikuwepo tangu miaka ya 1960. Mwanasayansi James Lovelock alieleza mwaka 1965 kwamba angahewa yenye gesi zinazotafunana inahitaji kitu cha kuzijaza upya muda wote. Hapa kwetu molekuli ya methani hudumu hewani karibu miaka kumi tu kabla ya kuvunjwavunjwa. Wanyama, bakteria wa matopeni na shughuli za binadamu wakiacha kuitoa leo, sehemu kubwa itakuwa imetoweka katika muda mfupi. Kuziona gesi hizo mbili pamoja kwenye sayari ya mbali, kwa wingi, kungekuwa habari nzito kuliko kuiona gesi yoyote moja, hata iwe adimu namna gani.

Oksijeni peke yake inaweza kudanganya kwa pande zote mbili. Kwenye sayari iliyo karibu na nyota ndogo nyekundu, mionzi mikali inaweza kuuvunja mvuke wa maji, haidrojeni iliyo nyepesi ikatorokea angani na oksijeni ikabaki, hata kama hakuna jani moja. Upande wa pili, Dunia yetu ina miaka bilioni 4.5 hivi, na uhai umekuwepo kwa walau miaka bilioni 3.5, ila oksijeni ilianza kujikusanya hewani yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita. Kwa zaidi ya miaka bilioni moja bahari zilikuwa na vijidudu, na mtafiti wa nyota nyingine angetazama huku asingeona oksijeni ya maana. Angeandika kwenye daftari lake kwamba hatuna kitu.

Hayo yote yanachukulia kwamba angahewa ipo, jambo ambalo halina uhakika. TRAPPIST-1, nyota iliyo umbali wa miaka ya mwanga 40 hivi, ina sayari saba za ukubwa unaokaribiana na Dunia, na ugunduzi wake kutangazwa mwaka 2017 uliamsha matumaini makubwa. James Webb ilipozipima mbili za ndani mwaka 2023, ya kwanza ilionekana kuwa na joto la mwamba mtupu, na ya pili haikuonyesha angahewa nene ya hewa ya ukaa kama ya Zuhura. Sayari hizo ziko karibu mno na nyota yake, hivyo bado hatujazihukumu zilizo mbali zaidi. Ila nyota nyekundu za aina hiyo hulipuka mara kwa mara na zinaweza kuipukuta hewa ya sayari zake, na ndizo nyota zilizo nyingi zaidi kwenye galaksi yetu. Ndiyo maana zilitengwa saa 500 za James Webb kwa ajili ya swali hilo tu: je, sayari za mwamba zilizo kwenye nyota nyekundu huhifadhi hewa? Swali hilo halina mvuto wa habari za viumbe, lakini ndilo linalostahili pesa na muda wa darubini kwa sasa. Bila kulijibu, kuorodhesha gesi ni kutanguliza mkokoteni mbele ya punda.

Historia ya jirani zetu inatupa sababu ya kwenda polepole. Mwaka 1976 jaribio moja la vyombo vya Viking kwenye Mirihi lilitoa majibu yaliyoonekana kama ya vijidudu vinavyokula, kisha wanasayansi wengi wakaridhika kwamba ni kemia ya udongo. Mwaka 2020 iliripotiwa fosfini, gesi nyingine inayohusishwa na uhai, kwenye mawingu ya Zuhura. Kiwango chake kilishushwa baadaye na mjadala haujafungwa. Sayari hizo ziko mlangoni kwetu na zimetembelewa na vyombo. Mwaka 2021 wanasayansi wa NASA, James Green akiwa mwandishi mkuu, walipendekeza kipimo cha ngazi saba za kutangazia dalili za uhai, kuanzia kuiona ishara hadi kuthibitishwa na uchunguzi huru wa njia nyingine. Ningependa kila habari ya aina hii iandikwe pamoja na ngazi yake. Ya K2-18 b ingekuwa chini kabisa, na si aibu kuwa hapo.

Darubini zinazokuja zitabadilisha namna ya kutazama. Huko Chile inajengwa darubini ya Ulaya yenye kioo cha mita 39. NASA nayo inapanga Habitable Worlds Observatory, inayotarajiwa kurushwa miaka ya 2040, ambayo itaziba mwanga wa nyota na kuitazama sayari yenyewe. Ugumu wake ni kwamba Dunia, kwa mwanga unaoonekana, hufifia karibu mara bilioni 10 kuliko Jua. Lengo ni kuzichunguza walau sayari 25 zinazoweza kuwa na maji juu ya uso wake, zikizunguka nyota zinazofanana na Jua pia, si nyekundu tu. Idadi hiyo haikutajwa kwa kubahatisha. Zikikaguliwa zote kwa makini na isionekane dalili hata moja, hayo nayo yatakuwa matokeo ya kisayansi: tutaweza kusema, kwa hesabu, kwamba uhai unaoacha alama hewani si jambo la kawaida kwenye sayari za aina yetu.